Floksi ya Ndosho

Lilikuja na boti ya usiku kutoka Bukavu,
shina moja, limefungwa kitambaa kibichi
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Dada yangu Nsimire hakuandika barua.
Alibandika karatasi tu:
*Usinyweshe majani. Nywesha mizizi.*
Ndizo salamu zake, baada ya miaka miwili.

Ndosho huchimbi, unavunja.
Chini ya kila nyumba pana jiwe jeusi
lililokuwa moto, likatembea, likachoka hapa.
Nilimkodi kijana na sururu yake,
asubuhi nzima, cheche na matusi,
tukapata shimo la ukubwa wa sufuria.
Udongo nilinunua. Ndiyo, nilinunua udongo,
magunia mawili kutoka upande wa Sake,
na mwenye chukudu alicheka akiyashusha:
"Mama, wenzako wananunua unga."

Maji ni bidoni mbili kwa siku.
Ya kwanza ni ya chungu na ya kinywa.
Ya pili humwogesha Akilimali,
kisha huosha miguu yangu,
kisha, maji yakiwa hayana tena la kusema,
nainama nayo hadi mizizini,
kikombe kwa kikombe,
kama unavyomnywesha mgonjwa uji.

Kavugho, jirani, aliegemeza viwiko juu ya ukuta wa mawe.
"Hii inakuliwaka?"
Hailiwi.
"Ni dawa?"
Si dawa.
"Basi ungepanda lengalenga."
Na kweli, ningepanda lengalenga.

Lilipofika urefu wa viganja viwili
Nsimire akasema kwenye simu: bana ncha,
kwa kucha, juu ya jozi ya nne ya majani.
Nilibana huku nimegeuza uso.
Kidole kilinuka ubichi hadi jioni.
Siku ya kumi, pale pale penye jeraha,
vichipukizi viwili vilikuwa vinasukumana
kama watoto mlangoni.

Mvua nyingi ikaleta ule ugonjwa:
unga mweupe juu ya majani, mwembamba,
kama wa muhogo kwenye meza ya sokoni jioni.
Niliufuta. Kesho yake ukarudi.
Floksi haipendi kubanwa, inataka upepo upite.
Nikakata vitawi dhaifu vya katikati, nikavichoma,
nikaihamisha kamba ya nguo
iliyokuwa ikiidondokea kila Jumamosi.

Ndipo ikachanua.
Sitaeleza rangi. Nitasema tu
Kavugho alianza kuleta ungo wake wa maharage
ayachambulie upande huu wa ukuta,
saa makala yanapowaka na harufu ile tamu inapotoka,
wala hakutaja ua hata mara moja.

Halafu usiku mmoja anga lote likawa jekundu.
Tulikimbia na godoro, mtoto na sufuria.
Njiani, katikati ya watu na mbuzi wao,
niliona aibu kwa jambo nililokuwa nikiliwaza.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa na ufa,
na floksi ilikuwa ya kijivu kama mzuka.
Majivu juu ya kila jani.
Nikaiangalia ile karatasi ukutani,
nikachukua bidoni ya kwanza, ile ya kinywa,
nikalowesha ncha ya kitenge,
nikaosha majani. Moja moja.
Ilinichukua hadi adhuhuri
na Akilimali alikunywa chai nusu kikombe.

Mwaka wa tatu moyo wa kichaka hufa,
uhai hukimbilia pembeni.
Inatakiwa kung'olewa na kugawanywa.
Nilipiga panga mara mbili, vikawa vipande vinne.
Kimoja kiko kwa Kavugho, katikati ya lengalenga zake;
alikipokea kama mtu anayelipwa deni.
Kingine kinapanda boti leo usiku,
kwa kuwa mvua ya mwezi wa nne
iliteremsha kilima cha kina Nsimire
pamoja na bustani yake yote, na jiko.

Kitambaa kibichi. Kopo lile lile.
Karatasi ile ile, nimeibandua ukutani.
Nyuma yake nimeandika:
*Ukilazimika, osha majani.*